Upepo Chini ya Korola ya Marehemu

Kibiti, 9 Juni 2024

Kwa Baba Mdogo Swalehe, Mbwera.

Shikamoo Baba Mdogo. Assalaam aleikum wewe na wote wa hapo, Mama Mdogo Siti akiwa wa kwanza. Barua hii nimempa Kheri wa boti mkononi mwake pale Nyamisati, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Ikifika imelowa, mlaumu yeye.

Sisi hatujambo. Mama ametoka eda mwezi uliopita. Siku aliyotoka, jambo la kwanza alikwenda mwenyewe sokoni kuchagua nazi, akasema miezi minne na siku kumi nimemlisha nazi mbovu na amevumilia kwa sababu ya Sharia tu. Mchele mliotuletea wakati wa msiba umekwisha. Nasema tu, siombi.

Sasa neno lenyewe, maana wewe hupendi mtu azunguke. Ni ile Korola ya marehemu Baba. Siku ya arobaini ulisimama mbele ya shehe ukasema mie mtoto wake wa pekee nina nusu, Mama ana thumuni, na kilichobaki ni chako wewe ndugu yake, na kwa kuwa gari halikatwi kama mkate, nilitumie mwaka mmoja. Ikifika hitma tuamue, linabaki au linauzwa. Sijasahau hata herufi.

Nimelitumia. Napeleka abiria Mbagala na kuwarudisha, wanne kila safari, na watu wa Kibiti sasa wananiita kwa jina langu, si “yule mwanamke mwenye gari”. Lakini kwenda na kurudi linakunywa lita ishirini na nane, na nikimaliza kulijaza sibaki na kitu. Fundi Tamimu ameifungua injini akaifunga, anasema injini ni nzima kuliko yeye. Adui ni upepo. Gari hili ni la mwaka 1986, limenyooka pande zote kama kabati la vyombo. Ukivuka mwendo wa themanini unausikia upepo umeliegemea, na kila unachoongeza mguuni anakula yeye.

Nimetazama sana video za watu wanaopenda magari ya zamani, na dawa ipo. Naomba ruhusa yako ning'oe keria ya juu, nibadilishe bampa ya mbele, na nilishushe kidogo. Nisipofanya hivyo, ikifika hitma gari litaonekana mzigo, nanyi mtaliuza, nami sitakuwa na la kujibu. Gari hili ndiyo kazi yangu, Baba Mdogo. Sina nyingine na sitaki nyingine.

Mwanao,
Muzdalifa Salumu


Mbwera, 2 Julai 2024

Mwanangu Muzdalifa,

Aleikum salaam. Marahaba, na marahaba nyingine ya mwezi wa tano ambao hukuandika. Barua imefika kavu. Mama yako mdogo Siti anakusalimu, goti linamsumbua lakini mdomo haujambo. Mpunga tunavuna. Mchele utakuja na Kheri. Nasema tu, siahidi.

Nimekusoma. Jibu ni hapana.

Gari hilo nimelijua kabla yako. Siku marehemu kaka yangu alipolileta Kibiti nilivuka maji kwenda kulitazama, nikalizunguka mara tatu, na mara ya tatu yeye akanifuata nyuma akicheka. Keria ni yake, aliifunga mwenyewe. Bampa ni yake. Hata ule mkwaruzo wa mlango wa kushoto ni wake, alikwangua nguzo ya geti la shule siku alipokupeleka darasa la kwanza. Vitu vyake vingine vyote vimegawanywa, kanzu zimekwenda, baiskeli imekwenda. Kilichobaki kina sura yake ni hicho.

Kwa hiyo libaki vilevile alivyoliacha. Mtu aliyelijua akilitazama asione tofauti hata ya ukucha. Nikiona tofauti, siku ya hitma nitasema liuzwe, na mwanangu Hemedy wa Ikwiriri yuko tayari kulinunua. Ameshaniambia mara mbili. Anataka kubebea mkaa.

Na huo upepo wako. Baba yako aliendesha miaka ishirini na saba kwenye upepo huohuo wala hakuandika barua.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Maneno ya simu hayana shahidi.

Baba yako mdogo,
Swalehe


Kibiti, 28 Julai 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Mchele umefika, magunia mawili, na Mama anasema Mungu awaongezee. Mwambie Mama Mdogo goti alipake mafuta ya mchaichai yaliyo ndani ya kifurushi hiki, asiyape mgongo wala asigawie majirani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Mama asikie. Ulipofika kwenye upepo alicheka akasema, “Mwenyewe huyo.”

Umesema mtu akilitazama asione tofauti. Nimelikubali neno lako kama lilivyo, na ninalishika. Ila hukusema neno juu ya kisichoonekana. Kwa hiyo mie nalibadilisha, na nakuambia waziwazi kwa sababu siibi. Njoo siku ya hitma ulitazame kwa hilo jicho lako lililopima mitumbwi miaka arobaini. Ukiona tofauti, sibishani. Ufunguo namkabidhi Hemedy mbele ya shehe, abebe mkaa wake. Usipoona, gari linabaki kwangu, na fungu lako linakaa humohumo mpaka nitakapochoka mwenyewe kuendesha. Yasikilize maneno haya vizuri, maana nimeyaandika ili yawe na shahidi.

Nimeshaanza mbele. Mianya ya boneti na ya taa nimeiziba kwa mpira wa mlango wa friji bovu. Nyuma ya shoo, pale hewa inapoingilia kwenda kwenye rejeta, nimeweka bati jeusi kwa ndani. Ukisimama mbele unaiona shoo ileile. Siku ya kwanza niliiziba shoo yote, nikajiona fundi. Tulipofika Mkuranga mshale wa joto ulikuwa umelala juu kabisa na gari limechemsha. Abiria wangu mmoja, mama mwenye kapu la kamba, akaniambia, “Mwanangu, hata mgonjwa humzibi pua zote mbili.” Nimelikata bati, sasa limeziba nusu, na mshale unakaa mahali pake. Chini ya bampa kuna mpira mweusi unaorudisha upepo pembeni usiingie chini, na ukitaka kuuona ulale kifudifudi barabarani.

Keria nayo iko palepale. Nikiondoka naifungua, nikirudi naifunga. Hukusema isipumzike.

Nipo kwenye lita ishirini na saba. Ni lita moja tu, najua. Cheka, ukimaliza nitakuambia nyingine.

Muzdalifa


Mbwera, 15 Septemba 2024

Muzdalifa,

Barua yako ilichelewa, na hii imechelewa zaidi. Boti ya Kheri ilipandishwa juu mwezi mzima, injini imefunguliwa vipandevipande, kila mwenye spana anatoa maoni. Siti ametumia mafuta, goti limenyamaza. Kakojo wa jirani, yule kipofu aliyekuwa anasuka majamvi, amefariki. Tumemzika Ijumaa.

Sasa nieleze. Nimekaa kwenye kazi yangu, nachonga, wanakuja watu wawili kutoka sokoni wananipa pole. Pole ya nini? Wanasema Korola ya Salumu imeonekana njia ya Bungu asubuhi, imefungwa nyuzi nyekundu mwili mzima, juu, ubavuni na nyuma, zinapepea, na mwanamke mwingine anaifuata kwa pikipiki anaikodolea macho. Wanasema Salumu alikuwa mtu wa swala tano na binti yake anaendesha gari lililozinguliwa. Mmoja akaniuliza mganga ni wa Kibiti au wa Rufiji juu, maana naye ana boti haipati abiria.

Nimeaibika, Muzdalifa. Niliwaambia waondoke.

Maneno yako ya hitma nimeyasoma. Wewe unayaita makubaliano, mie nayaita kiburi. Nimeyakubali. Nitakuja na nitatazama, na usidhani undugu utanifumba.

Na kwa kuwa umeanza ujinga, basi usiufanye kijinga. Miezi yote umeshughulika na pua. Kila anayeanza kuchonga anafanya hivyo, anachonga omo mpaka inakuwa kali kama sindano, kisha anashangaa mtumbwi mzito. Mtumbwi hauchelewi mbele. Maji ukiyapasua yanapasuka, hayana ugomvi. Ugomvi uko nyuma, kwenye tezi, pale yanapotaka kurudiana. Ukiyakatia tezi ghafla yanazunguka, yanafanya shimo, na hilo shimo linauvuta mtumbwi kama mtu aliyeshika shati lako. Tezi inapandishwa polepole, ili maji yaachane na mti bila kujua yameachana. Sasa gari lako, mbele umelipaka mafuta, nyuma ni ukuta. Hiyo lita moja ni bahati.

Sijakuambia ufanye. Nimekuambia umekosea.

Swalehe


Kibiti, 6 Oktoba 2024

Baba Mdogo, shikamoo, na poleni kwa msiba wa jirani. Mama amemsomea Yasini.

Nianze na mganga. Nyuzi zile ni sufi nyekundu, zimebaki kwenye kofia za watoto anazofuma Mwanahalima, rafiki yangu, nesi wa zahanati. Yeye ndiye wa pikipiki. Nilizibandika kwa gundi ya karatasi, kila uzi urefu wa kidole, ili tuuone upepo, maana wenyewe hauonekani. Uzi ukilala, upepo unapita vizuri. Uzi ukicheza, upepo unagombana. Ndiyo uganga wote. Waambie wenye boti waje, nitawapa nyuzi bure.

Nasikitika kwamba uliaibika. Kwa kulifanya jambo lenyewe sisikitiki, na ningelifanya kesho tena.

Sasa sikiliza. Mwanahalima aliniambia nyuzi za boneti zimelala kama nywele zilizochanwa, za paa zimelala, lakini za nyuma, kwenye kioo na buti na chini ya bampa, zilikuwa zinazunguka na nyingine zinaelekea mbele, kinyume cha mwendo. Sikumwelewa. Wiki tatu sikumwelewa. Kisha ikaja barua yako. Niliisoma nimelala chini ya gari, na nilipofika kwenye mtu aliyeshika shati nikainuka nikajigonga kichwa.

Umenitukana na umenifundisha kwenye karatasi moja, na sijui nikushukuru kwa lipi. Nimefanya kitu nyuma. Wapi hasa na vipi sikuambii, umesema una jicho. Tamimu alikata mabati, mie niliyapiga ribiti kwa mkono wangu, tumeacha njia ya ekzosi ili joto litoke. Nimejaza tangi na kwenda na kurudi safari nne. Lita ishirini na tano. Na gari halingurumi tena kwa nyuma, Baba Mdogo. Lori likinipita kwenye tambarare kule halinisukumi kama zamani.

Jambo jingine. Kheri anasema mwezi uliopita ulimwamkia mtu pale gatini, ukamuuliza habari za watoto, na hapakuwa na mtu, palikuwa na nguzo imevikwa koti la mvua. Alisema kwa kucheka, lakini hakucheka mpaka mwisho. Nami nimeitazama barua yako. Zamani uliandika maneno kumi na mawili kwenye mstari. Hii ina sita, na mistari inashuka. Macho yako hayajambo?

Muzdalifa


Mbwera, 1 Desemba 2024

Muzdalifa,

Salamu kwa mama yako. Siti hajambo. Mvua zimeanza.

Kalamu ni mbovu. Kheri ni mwongo, na baba yake alikuwa mwongo, aliwahi kuniuzia ngalawa ya ndugu yake. Karatasi hizi za siku hizi hazina mistari ya maana.

Nimemaliza mitumbwi miwili tangu Septemba na wenyewe wamechukua. Kama sioni, waulize wanaelea kwenye nini.

Hitma ni tarehe 12 Januari. Nitafika siku mbili kabla. Hemedy atakuja kutoka Ikwiriri. Gari liwe limeoshwa na lisimame kwenye jua, nisije nikaambiwa lilikuwa kivulini.

Swalehe


Kibiti, 19 Januari 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Nashukuru mmefika salama, Kheri amenieleza. Mama anasema pilau ya hitma ilikuwa na chumvi nyingi na kwamba ni wewe tu uliyemwambia ukweli. Anakusalimu.

Nimekaa wiki nzima na jambo hili, na kila nikishika usukani linapanda nami. Kwa hiyo naliandika kama lilivyokuwa, uniambie palipo na uongo.

Tulipomaliza dua mlitoka wote uani. Hemedy alianza. Alikuwa na picha ya siku ya Iddi moja ya zamani, Baba amesimama ameegemea mlango wa gari, akaishika mkononi akalizunguka gari akilinganisha. Alitazama taa, shoo, bampa, keria. Alifungua buti. Alipiga picha nyingi kwa simu. Mwisho akasema, “Sioni kitu, lakini huyu namjua, lazima kuna kitu.” Shehe akamwambia lazima siyo ushahidi.

Ukaja wewe. Ulivua kanzu ukaikunja ukampa Mama, ukaomba mkeka. Ukalala chali, mtu wa miaka sitini na sita, ukajisukuma chini ya gari, kisha ukaniita, “Njoo unishikie taa.” Nikaingia na tochi. Nilijua nimekwisha. Hakuna aliyesema mtu atalala chini, lakini hakuna aliyesema hatalala.

Hukuitaka taa. Nilikumulikia na macho yako yalikuwa yamefumbwa. Kiganja chako kilianzia kwenye mpira wa bampa, kikaufuata mwanzo mpaka mwisho, kikapanda nyuma ya shoo kikakuta bati. Kikarudi chini, kikapita ribiti moja moja kana kwamba kinahesabu. Kikafika nyuma, pale bati linapoinuka kwenda kwenye bampa, na hapo kikasimama. Ulikipitisha mara tatu. Kisha ukaniambia kwa sauti ya chini, “Hapa umeipandisha mapema. Ungesubiri shibiri moja.”

Ukatoka. Ukasimama, ukazishika nati za keria, nne, mpya, hazina hata kutu. Watu wote wanakutazama. Ukasema, “Nimelikagua kwa macho yangu mawili. Liko vilevile alivyoliacha.” Shehe akasema alhamdulillahi, Hemedy akatupa ufunguo wa pikipiki yake chini, Mama akapiga kigelegele.

Mie sikupiga. Nilimwona Mama akikupa kikombe cha chai, na mkono wako ukakipita mara mbili kabla ya kukipata. Nikakuona unamwambia Tamimu, “Hemedy mwanangu, usinune,” na Tamimu akakujibu kwa adabu tu, “Ndiyo, mzee.”

Kwa nini umenidanganyia, Baba Mdogo? Na tangu lini huoni?

Muzdalifa


Mbwera, 30 Januari 2025

Mwanangu,

Siti anakusalimu. Yeye anajua, na wewe sasa unajua, na hapo ndipo pa kukomea.

Umeuliza, nakujibu mara moja tu. Jicho la kulia limekwenda tangu mwaka juzi. La kushoto lina ukungu, naona mtu kama unavyomwona mtu nyuma ya pazia, najua kuna mtu. Barua zako ananisomea Siti. Zangu naandika mwenyewe, nimeweka rula kwenye karatasi naisogeza chini. Mitumbwi nachonga kwa mkono, na haijawahi kuwa mizuri kama hii, wala sisemi kwa kujisifu. Jicho lilikuwa linanidanganya. Mkono haudanganywi na rangi.

Lakini niambie, nani ataleta gogo lake kwa fundi kipofu? Umemsikia yule jirani wa majamvi. Alikuwa fundi wa nyumba huyo. Siku watu walipojua macho yamekwenda, wakamkalisha kibarazani, wakampa ukindu asuke, wakawa wanamletea chakula na kumsemesha kwa sauti kubwa kana kwamba na masikio nayo yamekwenda. Miaka kumi na moja. Mie sitakalishwa kibarazani. Nitakufa na tezo ya kuchongea mkononi, hata ikinikata.

Ulipoandika “njoo utazame kwa jicho lako” ulinibana bila kujua. Kukataa ni kujitangaza. Nikakubali, nikasema nitajua la kufanya nikifika.

Kwa nini nimedanganya? Nilikuja nimenuia kulikuta kosa. Kweli nilinuia. Nilitaka liuzwe, nisilisikie tena, maana kila likitajwa namsikia kaka yangu ananifuata nyuma akicheka. Nikalala chini yake, mkono ukafika nyuma, nikakuta tezi. Tezi yangu. Mbaya, imepandishwa mapema, lakini ni mkono wangu, umeutoa kwenye karatasi ukauweka kwenye bati. Hemedy nimemfundisha miaka tisa hajawahi kuipata. Ningewezaje kutoka pale nikasema liuzwe likabebe mkaa?

Basi. Mie nimekuachia gari, na wewe unaniachia macho yangu. Wote tuna siri moja moja, tumetoshana. Usiniandikie tena habari hii.

Swalehe


Kibiti, 6 Februari 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Mama hajambo. Salamu kwa Mama Mdogo, na mwambie naomba radhi kwa anayoyasoma sasa hivi.

Hatujatoshana. Gari ni bati, Baba Mdogo. Sifanyi biashara ya namna hiyo na mtu wa damu yangu, na marehemu angenipiga kibao kama angesikia nimeifanya.

Mwanahalima nimemweleza bila kutaja jina. Anasema huo ukungu unafanana na mtoto wa jicho, ila lazima daktari autazame ndipo ajue. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya hapa Jumatatu tarehe 24 ya mwezi huu, wiki moja kabla ya Ramadhani. Kama ni mtoto wa jicho unaingia asubuhi, wanautoa, unatoka na kitambaa. Kama siyo, tutakuwa tumejua, na utarudi Mbwera na mikono yako ileile. Sikuahidi macho. Nakuahidi safari.

Najua utasema hapana. Najua utasema kisu hakigusi jicho lako. Kwa hiyo sikiliza nilichoamua. Usiposhuka Nyamisati Jumamosi ya tarehe 22, Jumapili mie ninapanda boti ya Kheri nakuja Mbwera na shehe wetu. Nitasimama sokoni, niseme kwamba siku ya hitma baba yangu mdogo hakuona gari kwa sababu haoni, lakini mkono wake ulikuta kila bati nililoweka. Kwamba makubaliano nimeshindwa mie. Na ufunguo nitakuwa nao mfukoni, nimpe shehe hapohapo mbele ya watu amfikishie Hemedy Ikwiriri.

Nalipenda gari hilo, na wewe unajua kuliko mtu yeyote nimelifanya nini. Kibiti hapa hakuna kazi nyingine itakayonitosha. Likienda sijui nitafanya nini asubuhi. Lakini likienda limekwenda. Sitaendesha gari nililopewa na mtu ili nimwache aingie gizani.

Usidhani natisha. Mwulize Mama kama nimewahi kusema kitu nikakiacha.

Muzdalifa


Mbwera, 13 Februari 2025

Muzdalifa,

Siti ameisoma barua yako mara moja, akaikunja, akaanza kufunga mzigo wangu bila kuniuliza. Kumbe nina maadui wawili.

Umenitukana mbele ya mke wangu na umenitishia soko zima. Hakuna mtoto aliyewahi kuniandikia hivyo. Ningekuwa na baba yako ningemwambia amekulea vibaya, naye angefurahi.

Nakuja. Siji kwa sababu ya vitisho. Nakuja kwa sababu umeweka gari juu ya meza, na nilijaribu siku tatu kutafuta mtu mwingine aliyewahi kuniwekea kitu cha namna hiyo, sikumpata.

Masharti yangu ni haya. Mie nakaa kiti cha mbele. Kibiti hatusimami kwanza, unanipitisha moja kwa moja njia ya Bungu kwa mwendo wako ule wa abiria, vioo vimefungwa, nisikie hiyo nyuma inasemaje. Nikisikia inanguruma, Jumapili yote tutakuwa chini ya gari mie na wewe, na bati lile litarudi nyuma shibiri moja kama nilivyokuambia. Huyo daktari asiniite mzee. Na kama macho hayatarudi, usilie mbele yangu, lia kwa mama yako.

Jumamosi, boti inayokuja na maji ya asubuhi. Pale gatini kuna ngazi sita, nazijua kwa mguu. Simama mbali, karibu na gari, unisubiri. Ukija kunishika mkono mbele ya watu, narudi Mbwera na boti ileile.

Swalehe